Mama ntilie kanishangaa leo

Mchana huu, Kariakoo.
"Mama, nipunguzie ugali, niongezee dagaa."
Kaacha upawa hewani. "Kulikoni baba, mshahara haujatoka?"

Foleni nzima ikacheka 😂

Lakini kanijazia dagaa mpaka ugali hauonekani, ndimu pembeni, kisha kwa sauti ya chini: "Kula, usije ukanizimikia hapa." Hata shilingi ya ziada hakutaka. Nimeguswa, jamani.

Ni hivi: nakata kitambi, ila misuli niliyoitolea jasho siiachi. Ukijinyima kupita kiasi, mwili unakula na misuli yako. Kwa hiyo ugali na wali napunguza kiasi tu, vyuma nanyanyua vilevile, protini napandisha: gramu 1.6 hivi kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Mtu wa kilo 80 ni kama gramu 128. Yai moja lina gramu 6 hivi, pigeni hesabu wenyewe!

(Zile chai za kukata tumbo, msiniletee inbox.)

Usiku ndiyo kasheshe. Njaa ya saa nne hiyo, weee!
Wenzangu mnaokata mafuta, saa hizo mnakula nini? Maharage nimeshayachoka.