Kwa nini tunarudi hadiwea ileile

Anayejenga Mwanza hajengi kwa mwezi mmoja. Kiwanja hununuliwa Buswelu au Buhongwa, msingi wa mawe ukasimama, kisha mwenye nyumba akatulia mpaka apate fedha za tofali, na baadaye za kupaua. Uhusiano wake na duka la vifaa vya ujenzi huenda kwa miaka, na ndiyo maana naona wauzaji wanaoshindana kwa kushusha bei ya saruji pekee wanashindania jambo dogo. Bei ya mfuko wa kilo 50 huulizwa kwa simu kabla ya mtu kutoka nyumbani, na tofauti yake humezwa upesi na gharama ya usafiri, hasa kwa wanaojenga juu ya vilima vya mawe ambako gari halifiki na mzigo hupandishwa kwa vichwa.

Kinachomfunga mteja zaidi ni malipo ya kidogo kidogo. Saruji iliyokaa stoo kwa miezi huvuta unyevu na kuganda, hivyo wengi hawalundiki mifuko nyumbani. Humwachia mwenye duka fedha kila wanapozipata, wakichukua mzigo siku fundi anapoanza kazi. Kwa kweli hapo mteja ndiye anayelikopesha duka. Hawezi kufanya hivyo kwa mtu asiyemfahamu, na akishafanya si rahisi kuhama. Mimi hushauri makubaliano hayo yaandikwe kwa nakala mbili, yakitaja aina ya bidhaa, idadi, na kama bei ni ya siku ya malipo au ya siku ya kuchukua, kwa sababu ugomvi huanzia hapo bei inapopanda.

Bidhaa nyingine humrudisha mteja zenyewe. Marumaru za toleo tofauti huweza kupishana rangi hata kama jina kwenye boksi ni lilelile, na rangi ya ukuta iliyochanganywa kwa mashine huhitaji namba yake ya mchanganyiko ili ndoo ya pili ilingane na ya kwanza.

Kisha yupo fundi, ambaye mara nyingi ndiye anayechagua duka. Yapo maduka yanayompa chochote kwa kila mteja anayemleta, na sioni ubaya wa shukrani hiyo ikiwa inatoka kwenye faida ya muuzaji. Mara nyingi haitoki huko. Hutoka kwenye bei iliyoongezwa, au kwenye bati la geji 30 lililouzwa kama geji 28, na kwa kuwa namba ikipanda bati huwa jembamba zaidi, mwenye nyumba asiyejua kupima hupata paa hafifu kwa fedha ya paa imara. Fundi anabaki mwaminifu kwa duka, lakini gharama ya uaminifu huo anaibeba mtu wa tatu.

Wateja wa Ukerewe wana hesabu yao. Aliyefika mjini kutoka Nansio hununua orodha nzima kwa siku moja, kwa hiyo hutafuta muuzaji anayekagua orodha pamoja naye, anayemkumbusha viungio vya mabomba alivyosahau, na anayesimamia mzigo mpaka upakiwe. Kwake bei huulizwa mwisho, kwa kuwa koki moja iliyokosekana humaanisha kulipa tena nauli ya kuvuka ziwa huku fundi akisubiri.