Nilikwenda kukiona kijiji cha Schengen chenyewe

Mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, alinyimwa viza ya Schengen, ile inayomruhusu mtu kuingia nchi nyingi za Ulaya, alipotaka kuja kunitembelea huku Ujerumani. Barua aliyopewa ni ile ile wanayopewa wengi: fomu yenye visanduku, kimoja kimetiwa alama, na maneno yanayosema kuwa ipo shaka ya msingi kuhusu nia ya mwombaji kuondoka muda wa viza utakapokwisha. Ada ya viza hiyo ni euro 90 tangu Juni 2024, yaani zaidi ya laki mbili na nusu za kwetu, na ukikataliwa hairudishwi. Hapo sijataja nauli ya Bukoba hadi Dar es Salaam kwenda na kurudi, wala bima ya safari, wala siku ambazo duka lake la vitenge lilikaa limefungwa. Mwanamke mwenye duka, mume na watoto wadogo anaambiwa kwamba huenda asirudi kwake. Nilikasirika kiasi kwamba mwisho wa juma uliofuata niliweka vitabu kando nikaenda kukiona kijiji ambacho jina lake limebandikwa kwenye viza hizo, kwa kuwa kiko karibu na mji ninaosoma kuliko watu wa nyumbani wanavyodhani.

Ninasoma Trier, magharibi mwa Ujerumani, mahali ambapo kwenda Luxembourg ni jambo la kawaida kabisa. Zaidi ya watu laki mbili kutoka Ujerumani, Ufaransa na Ubelgiji huvuka kila siku kwenda kufanya kazi katika nchi hiyo ndogo na kurudi kulala kwao, na baadhi ya majirani zangu wamo katika kundi hilo. Mimi nilipanda treni ya abiria inayofuata Mto Mosel kuelekea Perl, kituo cha mwisho upande wa Ujerumani, kwa tiketi ile ile ninayokwendea chuoni. Ng'ambo zote mbili ni mashamba ya mizabibu yaliyopandwa kwenye miteremko mikali, na mto wenyewe, kwa mkataba wa mwaka 1816, ni wa pande zote mbili kwa pamoja, kwa hiyo hakuna anayeweza kukuonyesha mahali katika maji ambapo nchi moja inakomea na nyingine inaanzia.

Kutoka Perl unavuka daraja kwa miguu. Hakuna kizuizi, hakuna kibanda, hakuna askari. Kuna kibao cha bluu chenye nyota za Umoja wa Ulaya na jina la nchi unayoingia, basi. Nilivuka pamoja na mzee aliyekuwa akimtembeza mbwa wake, na mbwa yule alivuka bila cheti chochote cha chanjo kuulizwa.

Kijiji chenyewe ni kidogo mno: kanisa, kasri la zamani, nyumba za wakulima wa zabibu, na vituo vya mafuta vingi kupita mahitaji ya wakazi wake. Kilichaguliwa kwa sababu nchi tatu zinakutana hapo, Luxembourg, Ujerumani na Ufaransa. Tarehe 14 Juni 1985, ndani ya meli iitwayo Princesse Marie-Astrid, wawakilishi wa nchi hizo tatu pamoja na Ubelgiji na Uholanzi walitia saini makubaliano ya kuondoa hatua kwa hatua ukaguzi katika mipaka yao, na utekelezaji ukaanza tarehe 26 Machi 1995. Karibu na mto wamesimamisha vipande vya Ukuta wa Berlin, na watalii hupiga picha mbele yake. Nami nilipiga, ila sikumtumia mdogo wangu.

Kilichonishika zaidi ni vituo vya mafuta. Magari ya namba za Kijerumani na Kifaransa yalikuwa yamejipanga, kwa kuwa mafuta ya Luxembourg ni nafuu, na kila aliyejaza tangi aliingia dukani akatoka na kahawa. Sisemi kikombe, ninasema pakiti za kahawa iliyokaangwa, mabunda kwa mabunda, zimerundikwa kuanzia mlangoni hadi kwenye kaunta. Ujerumani hutoza kodi maalumu ya kahawa, euro 2.19 kwa kila kilo iliyokaangwa, wakati Luxembourg haina kodi hiyo, kwa hiyo Mjerumani anayepita hubeba. Sheria inamruhusu kubeba hadi kilo kumi za matumizi yake mwenyewe bila kuulizwa. Mtu wa Kagera hawezi kupita hapo kimya kimya. Kwetu kahawa inayovushwa kwenda Uganda kwa kufuata bei nzuri inaitwa magendo. Hupita usiku kwenye njia za panya, na anayekamatwa hupoteza mzigo na chombo alichobebea. Sababu ni ile ile, bei kutofautiana kati ya kingo mbili, lakini hapa jambo hilo linafanywa mchana kweupe na kina mama wenye vikapu vya magurudumu.

Sisemi haya ili kuibeza mipaka yetu. Mutukula, ambako wajomba zangu wanafanya biashara, majeshi ya Idi Amin yalipita mwaka 1978 na daraja la Kyaka likalipuliwa; leo pana kituo cha pamoja ambapo maofisa wa Tanzania na Uganda wanakaa chini ya paa moja, kilichozinduliwa mwaka 2017, na msafiri anahudumiwa mara moja tu badala ya kupanga foleni mbili. Bado utatoa pasi au hati ya dharura, utagongewa muhuri, na itakulazimu kuwa na subira. Hata hivyo, foleni ya Mutukula ni ya wote. Mwenye gari zuri anasimama, muuza ndizi anasimama, Mzungu mwenye begi mgongoni anasimama nyuma ya muuza ndizi. Huku Ulaya foleni hawakuifuta. Waliiondoa darajani wakaipeleka Dar es Salaam, Kampala na Kinshasa, ambako wapiga kura wao hawaioni.

Hasira hiyo ilipoa kidogo nilipopanda basi la kwenda mjini. Tangu tarehe 1 Machi 2020 usafiri wa umma katika Luxembourg yote ni bure, mabasi, tramu na treni za daraja la pili, kwa raia na kwa mgeni vile vile, na kodi ndiyo inayogharimia. Huulizwi tiketi, huulizwi unatoka wapi. Dereva aliniona nimesimama karibu naye kwa mazoea ya mtu aliyezoea kudaiwa nauli, akanipungia mkono niende nikakae. Nilikaa dirishani hadi mji mkuu, nikiwaza makonda wetu wangefanya kazi gani katika nchi kama hiyo.

Mjini nilitembea juu ya Daraja la Adolphe, nikashuka hadi mtaa wa Grund ulio chini bondeni, nikapanda lifti ya vioo ya Pfaffenthal inayokupandisha gengeni bila malipo. Mji ni mzuri, lakini chakula kina bei ya kutisha hata kwa mtu aliyekwisha kuizoea Ujerumani. Nilikula mkate na maharage ya kopo niliyokuja nayo, nikalala katika hosteli ya vijana.

Wanaoniandikia wakitaka kuja kusoma waelewe jambo hili vizuri. Fedha ya kuishi ambayo Ujerumani inataka uiweke kwenye akaunti maalumu kabla ya kupewa viza ya masomo ni euro 11,904 kwa mwaka, na kila mwezi unaachiwa 992 tu. Ukitoa kodi ya chumba na bima ya afya, kinachobaki ni cha chakula. Safari kama hii inawezekana kwa sababu tiketi ya wanafunzi inafika mpakani na ng'ambo ya pili ni bure. Na kibali cha ukaazi cha Ujerumani kinakuruhusu kutembelea nchi nyingine za Schengen hadi siku 90 katika kila siku 180, mradi unatembea nacho pamoja na pasi halisi. Nakala kwenye simu haitakusaidia.

Nasisitiza hivyo kwa sababu ya yaliyotokea Jumapili jioni. Tangu tarehe 16 Septemba 2024 Ujerumani imerudisha ukaguzi katika mipaka yake yote ya nchi kavu, na serikali ya Luxembourg imekuwa ikilalamika. Basi letu la kurudi Trier lilisimamishwa kwenye barabara kuu baada tu ya kuvuka mto. Askari wawili waliingia. Waliwapita vijana waliokuwa wakicheka kwa sauti safu ya mbele, wakampita baba aliyelala, wakasimama kwangu. Nilitoa kibali na pasi. Yule mdogo kwa umri alikipinda kibali changu kidogo, akakimulika tochi, akakikwaruza kwa ukucha pembeni, halafu akauliza nimetoka wapi. Nilimjibu kwamba nimetoka Schengen. Aliniangalia kuona kama namfanyia mzaha, nami sikuwa na nguvu za mzaha.

Wakati huo bibi mmoja wa Kijerumani aliyeketi upande wa pili, ambaye hatukuwa tumesemezana hata neno, alifungua mkoba wake, akatoa kitambulisho chake, akakinyoosha hadi kwenye kifua cha askari. Askari akasema si lazima. Bibi akasema kwa sauti ya basi zima kwamba kama si lazima kwake si lazima kwa kijana huyu pia, na kwamba haurudishi mkono wake mpaka kisomwe. Mwanamume aliyekuwa nyuma yake akatoa chake. Askari walilazimika kuvisoma vyote viwili, polepole, huku yule mdogo masikio yakimwiva mekundu, ndipo wakashuka. Nilimshukuru bibi, naye alijibu tu kwamba alikuwa na mbwa wa kulisha nyumbani na watu hawa wanamchelewesha.

Nimepanga kwenda tena majira ya mavuno ya zabibu, na safari hiyo sitapanda basi la barabara kuu. Nitarudi kwa njia ya Perl, kwa miguu, juu ya daraja lile ambalo siku niliyopita halikuwa na askari.