Wanaoanza kinanda wapeni Burgmüller mapema

Mimi nafundisha kinanda hapa Kampala, watoto na vijana wa kwaya, na kama kuna mtunzi mmoja ningependa walimu wenzangu wamtumie mapema ni Friedrich Burgmüller. Mjerumani, kazaliwa Regensburg 1806, familia ya muziki, mdogo wake Norbert naye alikuwa mtunzi wa nguvu ila akafariki 1836 akiwa na miaka 26 tu, mpaka mtunzi maarufu Mendelssohn akamtungia machi ya mazishi. Friedrich yeye akahamia Paris miaka ya 1830 na akabaki Ufaransa mpaka kufa 1874, ndo maana vipande vyake vina majina ya Kifaransa. Muziki wa baleti ya La Péri, 1843, ni wake. Lakini kilichobaki mikononi mwa watu ni kitabu chake cha Opus 100, etyudi 25, yaani vipande vifupi vya mazoezi, alizoandika kwa ajili ya mikono midogo, hata vidole vya kutumia kaviweka mwenyewe.

Sasa kwa nini nasisitiza. Vijana wetu wengi wamejifunzia kanisani kwa sikio, wana sikio kali kweli, lakini wamezoea kupiga kwenye skeli ya C, wimbo ukiwa D wanabonyeza transipozi, kile kitufe cha kupandisha au kushusha sauti, wanaendelea, na mkono wa kushoto unagonga besi tu basi. Mtu kama huyo ukimwanzishia mazoezi 60 ya Hanon, kile kitabu cha mazoezi matupu ya vidole, vidole juu vidole chini, wiki ijayo humuoni. Na mimi simlaumu, amekuja kutafuta muziki.

Mpe Arabesque, namba 2 kwenye hiyo Opus 100. Mkono wa kushoto unatangulia peke yake na kodi (noti zinazopigwa pamoja) za A maina, nyepesi, fupi fupi, halafu wa kulia unaingia mbio, la-ti-do-ti-la, unaacha, la-ti-do-re-mi, unaacha. Vidole vitano, funguo nyeupe. Kijana aliyekulia kwenye solfa anaidaka hapo hapo na inasikika kama kitu cha jukwaani. Halafu katikati zile mbio zinahamia mkono wa kushoto, na hapo hakuna pa kujificha, yule wa kugonga besi lazima afanye kazi. Hilo ndo zoezi lenyewe, ila limefichwa ndani ya wimbo, na mtoto atalirudia jioni nzima bila kusukumwa.

Mbele huko kuna L'hirondelle, yaani mbayuwayu, ambapo mkono wa kushoto unaruka juu ya wa kulia kwenda na kurudi. Watoto wanaipenda hiyo jamani!

Hakiki tu kinanda kinasikia nguvu ya kidole, maana kama sauti ni ile ile ukigusa au ukigonga, nusu ya kazi ya Burgmüller inapotea. Funguo 61 zinatosha kwa vipande vingi vya mwanzo. Noti zenyewe hazina tena hakimiliki, unazipakua bure kwa simu na kuprinti mjini kwa hela kidogo.

Na msifuate namba. La Candeur ndo ya kwanza kitabuni lakini inataka noti zishikane laini na ziwe sawa, kitu kigumu kwa mkono mpya, kwa hiyo mimi naanza na Arabesque, mwanafunzi akishanogewa ndo namrudisha namba 1.