Ukimaliza utanipigia

Jumamosi usiku, baridi la Mbeya mwezi wa sita mnalijua, nimejifunika mablanketi mawili na bado neno la mama halijanitoka, wiki nzima hii. Harusi ya dada kule Kyela imepita salama, barua ya uhamisho wa Tunduma nayo imetoka Jumatano, hayo nitaandika nikitulia. Sasa hivi nina hilo neno tu kichwani.

Jumatatu saa kumi na mbili jioni wenzangu walishaondoka, mimi nikabaki ofisini kwa ajili ya waifai. Mnanijua mimi na eFootball, ile gemu ya mpira ya kwenye simu, toka enzi inaitwa PES kabla hawajaibadilisha jina 2021. Naongoza moja bila, dakika ya sabini na kitu, jina la mama likatokea juu ya skrini. Mechi ya onlaini haisimami, ukitoka umepoteza, basi nikapokea, nikaweka spika, vidole vikaendelea na kazi yake.

"Uko wapi baba?"

"Niko kazini mama, tunafunga mahesabu."

Akanyamaza. Sikukumbuka kwamba sauti ya mashabiki ilikuwa juu.

"Nasikia leo huko kazini wanashangilia."

Sikujibu. Akasema taratibu kabisa, "Haya, cheza baba. Ukimaliza utanipigia." Akakata.

Nilishinda mbili bila. Nikacheza zingine tatu. Sikumpigia mpaka Jumanne mchana.

Angenigombeza ningeshasahau. Tatizo hakunigombeza. Mwanzoni nilisikia kama amenipa ruhusa, usiku kitandani nikaanza kumsikia mtu aliyezoea kusubiri. Ile "cheza" ni ileile aliyokuwa ananiambia Tukuyu nikiwa darasa la tatu, nimeacha ndoo kisimani nimekimbilia mpira wa makaratasi, halafu maji anaenda kuchota mwenyewe. Na mimi sasa ni baba wa mtoto.

Usiku huohuo nikasoma mambo ya WHO, kwamba tangu Januari 2022 uraibu wa gemu uko rasmi kwenye orodha yao ya magonjwa, wanaangalia kama unashindwa kujizuia, kama gemu inatangulia mambo mengine, na kama unaendelea hata ukiona inakuharibia, na kwa kawaida iwe imedumu kama miezi 12. Nikajipima bila kujipendelea. Kazini nafika, na mama Junior tunaongea, usiku nalala. Mgonjwa sio. Ila hapo pa kutangulia pamenikaa kooni, maana kama siumwi basi Jumatatu ile nilichagua kwa akili zangu timamu.

Na kuacha kabisa sitaki, niseme ukweli. Nilivyohamia mjini hapa simjui mtu, kile kibanda cha gemu pale Mafiati ndo kilinipa marafiki, na mmoja wao ndo aliniambia kuna nafasi hapa ninapofanya kazi. Siwezi kukitukana leo.

Sasa mnajua alikuwa ananipigia nini? Jumanne nimesimama Mwanjelwa nasubiri daladala, namuomba msamaha, hata hanisikilizi, "Ule mparachichi wako wa karibu na choo umeshika!" Ni mmoja wa ile miche ya parachichi aina ya Hass niliyopanda 2022, ya kubebeshwa, ishirini, nikamwachia yeye kupalilia na kumwagilia, mimi nilishaisahau. Ameyahesabu, yako kumi na moja, makubwa kama yai la kuku. Kumbe Jumatatu alikuwa hajamwambia mtu, hata mzee, alitaka nisikie mimi kwanza. Jamani. Nilicheka peke yangu pale hadi konda akanishangaa. Na ameshasema hakuna kuyagusa mpaka niende nikachume kwa mkono wangu, maana parachichi haliivii mtini, likikomaa linachumwa ndo linaiva ndani, kwa hiyo yatanisubiri. Ndaga fijo mama, asante sana.

Toka siku hiyo nampigia kwanza, gemu inafuata. Jumatano, Alhamisi na leo nimeweza. Jana sikuweza.

Kinachoninyima usingizi saa hizi ni kodi ya nyumba. Mwezi uliopita tu nimelipa miezi sita mbele, na Tunduma natakiwa niripoti tarehe moja. Mwenye nyumba nimempigia mara tatu leo, inaita tu, hapokei.