Kabla hujawaita ofisini, soma ratiba ya zamu

Wahudumu wawili wa kaunta wamenuniana, na hii ni wiki ya pili. Salamu imekatika, na funguo za droo zinaachwa mezani badala ya kupeanwa mkononi. Meneja anawaita, anawaambia "nyie watu wazima, yamalizeni", wanapeana mikono, na Jumatatu mambo ni yale yale. Kinachowagombanisha kimebandikwa ukutani, kwenye karatasi ya ratiba, na hakuna aliyeigusa.

Chukua duka la dawa pale Kariakoo linalofunguliwa saa 1 asubuhi na kufungwa saa 4 usiku. Zamu ya kwanza inaisha saa 8 mchana, ya pili inaanza saa 8 mchana. Kwenye karatasi inapendeza. Lakini anayeingia anatokea Chanika, foleni imemshika, anafika saa 8 na dakika 20. Anayetoka hawezi kuondoka maana droo ya pesa iko mikononi mwake. Wakikutana wote wana haraka, pesa zinahesabiwa juu juu, na usiku ikipungua shilingi 7,000 kila mmoja anamtazama mwenzake kama mwizi. Ukiwasikiliza utasikia "ana dharau", "ana kiburi". Ukweli ni kwamba ratiba haikuwapa hata dakika moja ya kukabidhiana.

Anzisha zamu ya pili saa 7 na nusu. Nusu saa hiyo ya kupishana ndiyo dawa. Dakika 10 za kwanza wahesabu pesa pamoja, wote wawili wakiwa kwenye droo. Kisha daftari: tarehe na saa, chenji iliyobaki, jumla ya malipo ya simu, dawa zilizoisha, mteja aliyeahidiwa kitu, halafu saini mbili. Daftari hili huharibika kwa njia moja tu: mtu anasaini kwanza, anahesabu baadaye. Msimamizi akiliona hilo mara moja, alikemee siku hiyo hiyo.

Sasa piga hesabu. Kuanzia saa 7 na nusu hadi saa 4 usiku ni saa 8 na nusu. Toa saa 1 ya mapumziko, zinabaki 7 na nusu. Kwa siku 6 ni saa 45, ambao ndio ukomo wa saa za kawaida kwa wiki katika Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Ukimzidishia mtu hapo, hiyo ni ovataimu, kila saa inalipwa moja na nusu ya malipo ya saa ya kawaida, na haitakiwi kuvuka saa 50 ndani ya wiki 4. Na kazi ya baada ya saa 2 usiku ina nyongeza isiyopungua asilimia 5 ya mshahara wa msingi kwa kila saa.

Kosa ninalolichukia kuliko yote ni "funga usiku, fungua asubuhi". Mtu anatoka saa 4 usiku, anatakiwa arudi saa 1 asubuhi. Hizo ni saa 9 tu, wakati sheria inataka mapumziko ya saa 12 mfululizo kati ya siku moja ya kazi na nyingine. Toa safari ya kwenda na kurudi Mbagala, toa kuoga na kula, uone anabaki na usingizi wa saa ngapi. Mtu wa namna hiyo atamfokea mteja na atakosea dozi. Utamwandikia barua ya kujieleza kwa uchovu uliompangia mwenyewe.

Ratiba hiyo hiyo ndiyo inayobeba tofauti za watu. Anayefunga duka usiku, aliyeingia saa 7 na nusu, anatimiza saa 5 za kazi saa 12 na nusu jioni, karibu kabisa na adhana ya magharibi. Basi mwezi wa Ramadhani mapumziko yake yawe hapo, afuturu kwa utulivu. Ijumaa sogeza makabidhiano hadi saa 8 mchana, kupisha swala ya Ijumaa. Msabato asipangwe kuanzia Ijumaa jua likizama hadi Jumamosi jua likizama, afidie Jumapili. Haya yaandikwe mwanzoni mwa mwezi. Yakibaki ya kuombana mdomoni, anayeomba ataonekana anapendelewa, na majungu yataanzia hapo.

Utani wa makabila ni jambo jingine. Mchaga na Mpare wakichokozana wote wakacheka, waache. Ila pale mmoja anapoacha kujibu, au utani unapoingia kwenye mgawo wa kazi ("huyu mpe hesabu, kwao wanapenda hela"), hapo si utani tena. Sheria inakataza ubaguzi kazini kwa kabila au mahali mtu anakotoka, na ikalijumuisha pia suala la kumsumbua mtu kwa misingi hiyo. Mwite faragha aliyeyasema hayo, siku hiyo hiyo.

Ukisharekebisha ratiba na bado wamenuniana, ongea nao. Mmoja mmoja kwanza, dakika 20 kila mtu, na muda uwe sawa, maana aliyewahi kufika kwako asigeuke mwenye haki. Uliza "ilikuwaje Jumanne?", usiulize "kwa nini hampatani?" Kisha wakae pamoja, waandike mambo mawili au matatu ambayo kila mmoja atafanya, yanayoweza kuonekana kwa macho: kufika saa 7 na nusu, kuhesabu pamoja. "Kuheshimiana" usiandike, halipimiki. Angalia tena baada ya siku 7. Wala usilipeleke kwenye grupu la WhatsApp.

Kama wewe ni kijana na unayemsimamia ni mtu mzima, anza na shikamoo hata siku ya kumrekebisha, na umrekebishe mlango ukiwa umefungwa. "Mama, jana daftari halikusainiwa, tatizo lilikuwa nini?" Ukimsema mbele ya vijana wa umri wa wanawe, daftari litasainiwa kesho yake, ila hatakuambia tena dawa ipi inakaribia kuisha muda.