Gari halili umeme: siku moja ya fundi wa majumbani, Mwanza

Saa 11:30 alfajiri, Buzuruga. Chai ya rangi na michembe, kisha nakagua begi: mita, testa, plaizi, bisibisi tatu, tepu. Wengi wanadhani kazi yetu ni kuunga waya mbili na kupokea hela. Karibuni mshinde na mimi.

Saa 2 hadi saa 4, Nyakato. Soketi mbili na swichi ya choo. Hakuna la kusimulia.

Saa 4:20 napigiwa simu nipande Isamilo. Mzee mmoja mstaafu ameagiza Nissan Leaf, gari la umeme, iliyotumika kutoka Japani, na kwa maneno yake, "gari halili umeme". Nafika na dogo ninayemfundisha kazi, natoa shikamoo, mzee anapokea huku akimtazama dogo. "Fundi, ingia." Dogo ana miaka kumi na saba. Ikabidi nimwambie mzee kwamba fundi ni mimi.

"Haya binti, basi angalia. Nimeuziwa kimeo."

Sikuligusa gari. Nilifuata waya wa chaja yake, iliyokuwa inawaka taa nyekundu. Ekstensheni ilitoka soketi ya sebuleni, ikapita dirishani, nyingine yote ikiwa bado imeviringishwa kwenye kigurudumu chake, na kigurudumu kimefunikwa gunia mvua isikilowanishe. Nikachomoa plagi. Mguu mmoja ulikuwa umebadilika rangi, kahawia yenye ubuluu, na plastiki iliyouzunguka imelainika kama bigijii iliyoachwa juani. Nikampa mzee anuse.

"Mbona pasi inatumia hiyohiyo na haiungui?"

Swali zuri, nikamjibu kwa heshima. Pasi inavuta umeme mwingi, lakini ukimaliza shati unachomoa. Chaja hii inavuta ampea 10 usiku kucha. Kwa volti 230 ni kilowati 2.3, na betri ya Leaf za mwanzo ni kilowati-saa 24, yaani uniti 24 za umeme, kwa hiyo ni zaidi ya saa kumi bila kupumzika. Waya mwembamba ulioviringishwa hauna pa kutolea joto.

Ila hiyo haikuwa sababu ya taa nyekundu kwenye chaja. Nikapima kati ya laini, waya wenye moto, na athi, waya unaopeleka ardhini umeme uliovuja usimpige mtu. Nilitegemea karibu 230, mita ikacheza kwenye 60 na kushuka. Chaja ilikuwa inakataa kwa sababu nyumba haina athi, na ilikuwa na haki.

Mzee akapandisha. Taa zinawaka, friji inagandisha, athi ya nini? Umeme umeingia nyumba hii mimi sijazaliwa! Nikaenda nyuma ya jiko, nikafukua mchanga, nikaishika rodi, chuma cha athi kinachozamishwa ardhini. Ikatoka yenyewe. Ilikuwa na urefu wa kutoka kiganjani hadi kwenye kiwiko. Aliyeiweka aligonga jabali, akakata iliyobaki kwa msumeno, akafukia, akalipwa. Huu mji umekaa juu ya mawe, sote tunajua, lakini jiwe siyo ruhusa ya kudanganya.

Mzee aliiangalia ile rodi muda mrefu. Kisha akauliza bei, tukabishana nusu saa nyingine.

Nilishuka mjini kununua waya wa milimita 4, breka ya ampea 20, kifaa cha kukata umeme ukivuja, na rodi mbili. Bodaboda ya kurudi mlimani, roli la waya begani. Dogo alikuwa ameshagonga mwamba sehemu tatu. Tukapata udongo chini ya mgomba, maji ya kuoshea vyombo yanakoishia, tukachimba mtaro, tukazilaza rodi na kuzifukia kwa mkaa na chumvi. Sululu inatoa cheche, kiganja kinachubuka, mzee amesimama juu yetu anatuelekeza namna ya kuchimba. Saa sikuziangalia tena. Nilivuta laini ya peke yake kutoka kwenye breka hadi ukutani pale gari linapoegeshwa, nikafunga soketi, nikapima. 228, na haikucheza. Mzee akachomeka kwa mkono wake, gari likalia "ta", taa ikawa kijani. Ziwa chini lilikuwa limeanza kuwa jekundu.

"Wabeja," akasema, akanipa nusu ya hela. Nyingine wiki ijayo.

Nyumbani nilikula ugali nikiwa nimeegemea ukuta. Saa 3 usiku simu. Mzee.

"Binti, LUKU inakimbia! Uniti saba zimekwenda, kuna mtu ananiibia."

"Ulichomeka saa ngapi, mzee?"

"Saa 12."

"Saa tatu, kila saa uniti mbili na ushee. Ndiyo saba hizo. Gari linakula."

Akanyamaza. Nikamsikia akimgeukia mama: "Fundi anasema linakula."