Delhi: Kutoka Nyumba ya Indira Gandhi hadi Mtaa wa Magazeti

Ukienda nyumba ya Indira Gandhi, aliyekuwa waziri mkuu wa India, ambayo sasa ni makumbusho mjini New Delhi, usimtajie dereva wa bajaji neno "Safdarjung" peke yake. Liko pia kaburi la kale lenye jina hilo, na hospitali, na mtaa mzima wa makazi. Nilipanda metro, njia ya manjano, nikashuka Lok Kalyan Marg na kumalizia kwa miguu hadi namba 1, Safdarjung Road. Hakuna kiingilio. Jumatatu pamefungwa.

Ndani, watu wengi hupita haraka kwenye kurasa za magazeti zilizotundikwa ukutani ili waiwahi sari aliyouawa nayo, mkoba wake na viatu. Mimi naona magazeti ndiyo ya kusimama nayo. Kisha unatoka bustanini, kwenye njia iliyofunikwa kwa vioo. Oktoba 31, 1984, baada ya saa 3 asubuhi, waziri mkuu alipita hapo akielekea ofisini kwake, Akbar Road, ambako mwigizaji Mwingereza Peter Ustinov alikuwa akimsubiri kwa mahojiano ya televisheni. Walinzi wake wawili, Masingasinga, walimmiminia risasi, miezi michache baada ya jeshi kuingia Hekalu la Dhahabu la Amritsar, mahali patakatifu pa dini yao. BBC ilitangaza kifo saa kadhaa kabla ya redio ya serikali, iliyosubiri hadi jioni.

Yaliyofuata yanataka safari nyingine. Nilishuka stesheni ya Central Secretariat, nikaenda Gurdwara Rakab Ganj Sahib, hekalu la Masingasinga. Hapo vua viatu na ufunike kichwa, mwanamume kwa mwanamke. Kwenye eneo hilo upo Ukuta wa Ukweli, uliozinduliwa mwaka 2017, wenye majina ya Masingasinga waliouawa na makundi ya watu baada ya kifo cha Indira. Hesabu ya serikali kwa Delhi pekee ni watu 2,733. Usipite hapa kwa kukimbilia picha. Watu huja kutafuta jina la baba au kaka yao.

Kutoka Central Secretariat, njia ya zambarau ya metro inakufikisha stesheni ya ITO. Nje ni Bahadur Shah Zafar Marg, barabara yenye majengo ya magazeti yaliyopangana. Usiku wa Juni 25, 1975, serikali ya Indira ilipotangaza hali ya hatari, umeme ulikatwa hapa, mitambo ikasimama na magazeti mengi hayakutoka. Lakini magazeti yaliyochapishwa upande wa Connaught Place yalipata umeme wa mamlaka nyingine, yakatoka. Baada ya hapo kila habari ilipitia kwa mkaguzi wa serikali kwanza. Juni 28, Indian Express liliacha nafasi ya tahariri tupu, na kila msomaji akaelewa.

Udhibiti huo ulimponza na Indira mwenyewe, kwa sababu magazeti yaliyozibwa mdomo hayakuweza kumwambia hasira ya watu ilifika wapi. Machi 1977 alishindwa hata jimboni kwake, Rae Bareli. Januari 1980 wapiga kura hao hao wa India wakamrudisha madarakani.

Nilikwenda kinyume cha tarehe. Mwenye siku moja tu aanzie ITO asubuhi, aende Safdarjung Road mchana kabla hawajafunga, kisha amalizie Rakab Ganj. Akianza na sari, huruma itamtangulia kila mahali, na ile tahariri tupu hataiona kwa uzito wake.